Naomba ushauri: rangi ya kuzuia mwani na makombe chini ya boti

Mwenye Boti, Mikindani: Ndugu zangu, nina boti ya kubebea wageni katika ghuba ya Mikindani. Ikikaa nangani, utelezi hutangulia, mwani hufuata, na mwishowe hushika makombe magumu yanayoifanya injini inywe mafuta bila mwendo. Fundi mmoja wa kalafati amenishauri rangi yenye madini ya shaba. Je, inafaa?

Nahodha Mstaafu: Mwanangu, sisi tulipaka shahamu na chokaa, na maji ya bamvu yalipopwa tuliegesha chombo mchangani tukakikwangua. Ninyi mnataka kupaka mara moja mkalale.

Binti Msimbati: Shikamoo mzee, lakini kaka ameuliza rangi. Kaka, boti yako ni ya ubao, faiba au chuma?

Mwenye Boti: Ni boti ya kawaida tu, dada. Tujadili rangi.

Binti Msimbati: Jibu lote limo humo.

Mwenye Boti: Ni ya alumini. Ila nimeshalipa nusu ya bei, na muuzaji amenihakikishia kwamba rangi ya kwanza itaitenga shaba na bodi.

Binti Msimbati: Itaitenga mpaka siku utakapokwaruza mwamba. Shaba na alumini zikikutana ndani ya maji chumvi hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa hadi ikatoboka.

Mvuvi wa Kilwa: Tafuta ile ya zamani yenye kemikali ya bati, haishindwi na kiumbe.

Binti Msimbati: Hiyo ilivuruga ufugaji wa chaza huko Arcachon, Ufaransa, na mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2008, umeipiga marufuku.

Mchunguzi: Samahani, kalafati ni ya kuziba nyufa za mbao. Fundi wake alifuata nini kwenye alumini? Kisa hiki kimetungwa.

Mwenye Boti: Alikuwa akitengeneza mashua ya jirani, nami nikamuuliza kwa kuwa alikuwa karibu. Na ile ya silikoni, ambayo makombe hayaishiki vizuri?

Binti Msimbati: Hiyo hujisafisha chombo kikienda kasi, na yako inashinda nangani. Omba isiyo na shaba, iliyoandikwa kwenye kopo kuwa inafaa alumini.

Nahodha Mstaafu: Au kwangua.

Mwenye Boti: Nitamwomba muuzaji anibadilishie. Akikataa, nitapaka hiyo hiyo, ila tabaka la kwanza nitalipaka mara mbili.