Naomba ushauri: hoteli ndogo Montecatini Terme, Italia, nikiwa na mama mzazi

Habari zenu wakuu. Oktoba nitakuwa Florence na mama, na baada ya hapo nataka tupumzike siku chache Montecatini Terme, mji wa chemchemi za tiba mkoani Toscana. Kwa treni ni kama saa moja tu. Mwaka 2021 UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia pamoja na miji mingine 10 ya Ulaya ya aina hiyo.

Nimevutiwa na hoteli ndogo za kifamilia, bei zake si za kutisha. Shida ni magoti ya mama. Majengo ni ya zamani. Lifti unaambiwa ipo, lakini kuna ngazi kabla ya kuifikia! Mliowahi kulala huko, mliulizaje mapema mkapata jibu la kweli?

Pili, chakula. Wanatoa chumba pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni. Mama hali nguruwe, na Toscana nguruwe yupo kila kona. Jikoni wanakubali kubadilisha, au bora tulipie kifungua kinywa peke yake?

Tatu, maji ya pale kwa desturi hunywewa, na sifa yake ni kulainisha tumbo. Mama anatumia dawa za presha, kwa hiyo daktari wake tutamwuliza kwanza. Ninachotaka kujua ni kama Oktoba Tettuccio, lile jengo la chemchemi za tiba, na ile treni ya kupanda mlimani ya tangu 1898 huwa bado wazi.

Na kodi ya mji wanayotozwa wageni hulipwa taslimu hotelini?