Kutoka nje ya mwamba wa Nyali kwa tiara msimu wa kusi: upepo wa kiasi gani unafaa?

Swali

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimecheza kaitisafu, yaani kuteleza majini juu ya ubao unaovutwa na tiara, kwa misimu miwili hapa Nyali, Mombasa, lakini siku zote ndani ya mwamba, ambako maji yametulia na mtu akianguka husimama kwa miguu yake. Sasa natamani kutoka nje, mahali mawimbi makubwa yanapovunjika, kwa sababu kusi la mwezi wa Julai limeshika na kila jioni nikitazama ile povu nyeupe moyo unanidunda. Nina uzito wa kilo 74, na tiara zangu ni mbili, ya mita za mraba 9 na ya mita za mraba 12. Kazini natoka saa tisa, kwa hiyo nafika pwani kwenye saa kumi. Je, nisubiri upepo wa noti ngapi (noti ni kipimo cha mwendo wa upepo)?

Jibu la kwanza

Wa aleikum salaam. Kwa uzito wako, tiara ya 12 iache nyumbani wakati wa kusi. Nguvu ya upepo haiongezeki kwa kiasi kile kile cha mwendo wake: upepo ukipanda kutoka noti 15 hadi 30, mwendo umekuwa mara mbili, lakini tiara inakuvuta kwa nguvu mara nne. Noti 20 hivi, kwa tiara ya 9, zinakutosha kwa siku ya kwanza. Jambo jema ni kwamba kusi hapa kwetu linakuja kutoka mkono wa kulia unapotazama bahari na kuelekea nchi kavu kwa mshazari, kwa hiyo ukiishiwa na mbinu litakusukuma pwani upande wa Bamburi. Usithubutu kamwe kutoka asubuhi ile ambayo upepo unatoka bara.

Jibu la pili

Mwanangu, mimi ni mvuvi, sijawahi kupanda ubao wenu, lakini mlango wa mwamba, ule upenyo wa kutokea bahari kuu, nimeupita tangu utotoni. Umeuliza habari za upepo peke yake, na mimi nakuuliza: maji umeyatazama? Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ukifika pwani saa hiyo utaiona bahari imejaa na mwamba umefunikwa, udhani ni salama. Nusu saa baadaye maji yanaanza kutoka, na yote yaliyokuwa ndani ya mwamba yanatafuta mlango. Mkondo unakwenda nje, upepo na mawimbi yanakuja ndani, na vinapokutana mlangoni wimbi husimama wima kama ukuta. Halafu jua linazama na upepo unapungua, nawe bado uko nje. Ngoja maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Siku hizo, kwenye saa kumi, maji yako chini lakini hayajakauka sana, na yanaanza kuingia polepole. Mkondo wa jioni utakurudisha nyumbani.

Jibu la tatu

Namuunga mkono mzee, na ningependa kueleza yaliyonipata mimi, kwani nilitoka siku ya bamvua jioni, tena peke yangu. Tiara iliangukia nyuma ya wimbi, ikajaa maji, nyuzi zikalegea na uzi mmoja ukajizungusha kwenye kifundo cha mguu wangu wa kushoto. Wimbi lililofuata lilipoivuta tiara, uzi ule ulikaza hadi ukakata ngozi. Nilisukuma kifyatuo cha dharura kilichoko juu ya ndoano ya mkanda wa kiunoni, tiara ikapoteza nguvu, lakini mkondo ulikuwa umeshanichukua. Wavuvi wawili wenye ngalawa ndio walionitoa, Mungu awajaze heri, na ilibidi wakate nyuzi zangu kwa kisu kwa sababu mimi sikuwa nacho. Tafadhali ndugu yangu, funga kisu chenye ncha butu kwenye mkanda, jizoeze kufyatua kwa mkono wowote ukiwa umefumba macho, na vaa viatu vya mpira, kwani ukilazimika kusimama mwambani utakutana na wale wanyama wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Kumbuka pia kwamba nyuzi zetu zina urefu wa mita 20 na zaidi. Kaa mbali na mitego ya wavuvi na watoto wanaooga.

Muulizaji

Nawashukuru sana, hasa mzee wangu. Nimetazama jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini nikaona kwamba Jumamosi niliyokuwa nimeipanga ni bamvua kamili. Nimeiahirisha kwa wiki moja. Mzee, ikiwa hutaona taabu, ningeomba siku ya maji mafu nipande nawe chomboni asubuhi, bila tiara, unionyeshe mlango.

Jibu la pili

Njoo saa kumi na mbili alfajiri. Kisu ulete.