Waliokulia Mbeya mjini, mnaikumbuka hoteli ya Uhindini yenye gongo la hoki ukutani?

Mtoto wa Loleza: Wakuu habari. Enzi za themanini kulikuwa na hoteli pale Uhindini ya mzee mmoja wa Kihindi, sambusa za nyama na chai ya maziwa ya tangawizi, mwezi wa 7 baridi imekaza unaingia unakumbatia kikombe kwanza vidole vipate moto ndo unakunywa. Juu ya kaunta palikuwa na gongo la hoki, mpini umeviringishwa kitambaa. Baba alinipeleka kila akipokea mshahara. Juzi nimepita nikakuta wanauza simu, nimeumia sana. Lile gongo lilikuwa la nani jamani?

Mama Soweto: Mwe! Mdogo wangu umenipeleka mbali. Ile chatne ya ukwaju mpaka leo sijaipata kwingine. Na siku ya mechi Sokoine kiti hupati, hasa 1986 ile Tukuyu Stars wanachukua ubingwa wa Bara, mashabiki wao, Banyambala, wamejaa mpaka barazani.

Mzee wa Reli: Gongo lilikuwa lake, alicheza ujanani. Ukimgusa tu habari za magongo chai inapoa. Alipenda kusimulia Olimpiki ya Moscow 1980, Marekani na wenzake wamesusa kwa sababu ya Afghanistan, Rais wao Carter akamtuma bondia Muhammad Ali mpaka Dar kumshawishi Mwalimu na Mwalimu hakumpokea, basi Tanzania tukaenda na timu ya hoki tukawa kati ya nchi 6 tu. India walitufunga 18-0 na ndo waliochukua dhahabu. Yeye hakuona aibu hata kidogo, alikuwa anasema vijana wetu wamesimama uwanja mmoja na mabingwa wa dunia nzima, Wahindi, Wagoa na Waafrika jezi moja. Mimi hoki sijawahi kuiona kwa macho lakini kwa yule mzee niliipenda.

Kaka Uyole: Baba yangu alikuwa mpishi pale miaka mingi. Mzee alipofunga hoteli anahamia kwa wanae alimwachia baba karai la sambusa na hilo gongo. Lipo sebuleni, kitambaa kilekile.

Mtoto wa Loleza: Aisee kaka!! Naja Disemba, naomba nije kuliona.

Kaka Uyole: Karibu sana. Ila sema siku mapema, mzee wangu akisikia mtu wa Uhindini anakuja lazima akaange, na unga anaukanda mwenyewe tangu alfajiri.