Nuzlocke (kucheza mchezo wa video wa Pokémon kwa masharti ya kujibana): ukiruka mnyama ambaye tayari unaye, bado unacheza Nuzlocke?

Tumbili_Mkavu: Wakuu, Nick Franco alipoanza haya mambo na Pokémon Ruby mwaka 2010, kanuni zilikuwa mbili tu: mnyama wako akizimia, hesabu kafa, na kila eneo unakamata yule wa kwanza kukutana naye. Leo mtu akitokewa na aina aliyonayo anaruka mpaka apate mpya. Huko ni kujihurumia. Ukipewa Zubat (popo) watatu, hiyo ndiyo riziki yako. Nyie ndio mnaolizwa na Miltank, ng'ombe wa Whitney, bosi wa jimu (ukumbi wa mapambano) ya mji wa Goldenrod.

Bi_Shungi: Weka akiba ya maneno. Rollout, lile pigo lake, nguvu inajizidisha mara mbili kila zamu. Usipomzuia mapema, chimba makaburi.

Chuma_Chakavu: Bado mnalia na Miltank? Nenda duka kubwa la Goldenrod, toa Drowzee, upewe Machop jike. Attract, ile hila ya kumlewesha mapenzi mnyama wa jinsia tofauti, haimwingii, wote majike. Karate Chop, habari imekwisha.

Bi_Shungi: Wa kubadilishana hujamkamata, kaka. Hiyo ni hongo.

Chuma_Chakavu: Drowzee nilimkamata kihalali Route 34. Yeye katoka, huyu kakaa kiti chake. Hongo iko wapi?

Kimya_Kingi: Ni Abra, si Drowzee.

Chuma_Chakavu: Abra ni toleo la Crystal. Mimi nazungumzia Gold. Soma kwanza.

Pangaboi: Kwenye matoleo ya Sword na Shield wanyama wengi unawaona wakizurura nje, unamfuata umtakaye. Huyo “wa kwanza” ni yupi sasa?

Tumbili_Mkavu: Jamani, tulikuwa kwenye Zubat.

Bi_Shungi: Miltank kaletwa na nani? Na hebu tuambie, vitani unatumia Potion?

Tumbili_Mkavu: Natumia. Kanuni za asili hazikatazi.

Bi_Shungi: Hahaha! Sisi wa hardcore, wa kanuni kali, hatugusi dawa pambanoni, wala hatuvuki leveli ya mnyama wa juu kabisa wa bosi wa jimu. Halafu mtu wa Potion anatuambia tunajihurumia.

Tumbili_Mkavu: Mnajiwekea kufuli, kisha mnachonga funguo za akiba. Mimi kufuli zangu mbili na sina funguo.

Kimya_Kingi: Chuma, na ile kanuni ya kumpa kila mnyama jina? Machop huyo anakuja tayari anaitwa Muscle, na yule mzee wa majina hapo hapo Goldenrod anakataa kumbadilisha.

Chuma_Chakavu: Muscle ni jina zuri tu.

Bi_Shungi: Kwa hiyo hujamkamata na hujampa jina. Mzike.

Chuma_Chakavu: Yuko hai, leveli 31. Njoo umzike wewe.