Mdogo wangu yuko kwenye methadone na anatakiwa kung'olewa gego: maumivu atayatuliza na nini?

DadaMkubwa
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu aliacha unga, sasa anakunywa methadone, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga, kila asubuhi na ametulia kabisa. Gego lake la mwisho la chini limelala ndani ya fizi, shavu linavimba kila mara, na daktari wa meno amesema fizi ipasuliwe litolewe. Kupasuliwa hakumtishi. Anachoogopa ni dawa atakazoandikiwa akitoka. Kodeini au tramadoli, zile dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, ikiingia nyumbani, anasema hajiamini. Tena hataki daktari ajue habari zake, anahofia ataonekana teja tu. Nimsaidieje?

Kipepeo
Aache methadone siku mbili kabla, ganzi ishike vizuri.

KoleoNaGanzi
Dada, hilo la kuacha methadone msilifuate hata kidogo. Arosto, yale mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea, itamkuta kitini, na mwenye arosto huumia maradufu. Siku hiyo anywe dozi yake kama kawaida. Sindano ya ganzi inafanya kazi kwenye neva za hapo hapo mdomoni, haigombani na methadone wala haileti uraibu. Mwombe daktari kama anayo bupivakeini, ganzi yake hudumu saa nyingi.

Ila msidhani methadone ndiyo itatuliza na jino. Inazuia arosto siku nzima, lakini nguvu yake juu ya maumivu huisha baada ya saa chache, na mwili wake umeshaizoea.

Maumivu ya jino lililong'olewa chanzo chake ni uvimbe, kwa hiyo yanaitikia dawa za kupunguza uvimbe. Kwa mtu mzima, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli 500 hadi 1,000 hutuliza sawa na vidonge vya jamii ya morfini, mara nyingi hata kuvishinda. Mwongozo wa chama cha madaktari wa meno cha Marekani wa 2024 unaanza na dawa hizo. Ameze dozi ya kwanza kabla ganzi haijaisha, kisha aendelee kwa saa alizopangiwa, asingoje maumivu yapande. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku, na waliowahi kujidunga wengi wana homa ya ini C, kwa hiyo daktari aulizwe kama apunguziwe. Mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu asiguse ibuprofeni.

Na daktari lazima ajue. Pentazosini, dawa nyingine ya maumivu, ikimkuta mtu wa methadone inamtupa kwenye arosto hapo hapo. Erithromaisini (antibiotiki) na flukonazoli (dawa ya fangasi) nazo zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo zikichanganyika na methadone. Asiyeambiwa ataandika tu.

Nilishatoka
Mimi nilisema sentensi moja nikiwa nimekaa kitini: "Niko kwenye methadone, nisiandikiwe dawa yoyote ya jamii ya morfini." Akaandika kwenye faili, kazi ikaendelea. Kama mdogo wako ulimi unakuwa mzito, ingia naye useme wewe, yeye aitikie.

DadaMkubwa
Asanteni sana, hilo nitalifanya. Swali moja: akianza kulalamika usiku, nitajuaje kama ni jino au ni kiu ya dawa?

KoleoNaGanzi
Tazama siku. Maumivu huwa makali siku mbili tatu za mwanzo, halafu hushuka. Yakipanda upya baada ya hapo, yakavuta hadi sikioni na mdomo ukanuka, kuna uwezekano damu iliyoganda kwenye tundu imetoka na mfupa uko wazi. Wavuta sigara hupata sana, kwa hiyo asivute. Tiba yake ni kusafisha tundu na kuweka dawa humo ndani, na nafuu huja upesi. Watu wa historia yake wakilalamika hivi huambiwa wanatafuta kulewa. Inaniuma kila ninaposikia. Usikubali mrudishwe nyumbani kabla tundu halijaangaliwa.

Ikilazimu apewe dawa kali, iwe ya siku chache mno, kliniki yake ya methadone ijulishwe kwanza, uishike wewe, na itakayobaki irudishwe duka la dawa.

Nilishatoka
Na mpange miadi ya asubuhi, akishatoka kunywa dozi. Jioni kliniki ya meno imefungwa, utamuuliza nani damu ikigoma kukata?