Kinga (baiskeli) ya graveli kwenye bonde la Alpi: breki zitanitosha?

FundiChukudu (Goma)

Jambo wote. Mimi ni fundi wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, hapa Goma, nina miaka 51. Kabla ya ufundi nilikuwa msukumaji: viazi na kabichi kutoka Kibumba mpaka soko la Virunga, goti moja juu ya kipande cha sandali, mguu wa pili ukipiga barabara.

Mdogo wangu anakaa Merano, kaskazini mwa Italia, anafanya kazi kwenye ghala la matofaa. Amenialika mwezi wa tisa na visa imetoka (imechukua muda gani, tuyaache). Anasema tutapanda mpaka ziwa la Resia, tuchukue kinga za graveli, yaani zile za kwenda kwenye changarawe, halafu tuteremke bonde lote la Val Venosta mpaka mlangoni kwake. Kilomita kama 80, na njia yenyewe magari hayaingii. Nilicheka. Tangu nizaliwe sijaendesha kitu cha magurudumu mawili bila motari (bodaboda) kunipigia honi mgongoni.

Kinachonisumbua ni breki. Ya chukudu mnaijua: kipande cha tairi kuukuu kimepigiliwa misumari nyuma, unakikanyaga kikabane gurudumu. Nimeiona ikitoa moshi. Kuna siku ilinikatikia chini kidogo ya Kibumba, safari ikaishia kwenye shamba la maharage la watu, viazi vimetangulia. Sasa huko nasikia mtu anashuka mita zaidi ya 1,000 kwa siku moja. Breki ya vidole viwili itaweza?

Halafu hiyo graveli ina nini ambacho kinga yangu ya Kichina haina? Kwenye picha naona usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Na mama watoto anauliza kama kweli hakuna magari, kwa sababu mdogo wangu huyo tangu utoto mkono wake wa chumvi ni mzito.

Nguba_Bolzano

Jambo papa. Mimi mtoto wa Nguba, Bukavu, lakini niko Bolzano mwaka wa tisa sasa, na bonde hilo nimeliteremka mara nne. Safari hii chumvi ameipima.

Nianze na la kukufurahisha: ziwa la Resia liko mita 1,498 juu ya usawa wa bahari, na Kivu yetu ni kama 1,460. Mapafu yako hayatajua kama yamehama. Wanaohema pale ni watu wa pwani. Baridi ndiyo usiilinganishe na ya kwetu. Hata mwezi wa tisa, asubuhi vidole vinakufa ganzi, na ndivyo unavyovitegemea kwenye breki. Beba glavu.

Ziwani utaona mnara wa kanisa umesimama ndani ya maji, peke yake. Ni wa karne ya 14. Kijiji cha Curon kilizamishwa mwaka 1950 kwa ajili ya bwawa la umeme, nyumba 163 zikaondoka, mnara ukabaki. Nilipomtumia mama picha, yeye aliyekuwa Goma Januari 2002 lava ya volkano ilipopita mjini, alinijibu sentensi moja tu: "Kumbe na maji yanafanya hivyo."

Sasa njia. Kazi iko mwanzoni, baada ya kijiji cha San Valentino kushuka mpaka mji wa Malles. Pale mteremko ni mkali, ni malisho wazi, na upepo unakupiga unavyotaka. Ukishafika chini, bonde linatulia na unafuata mto Adige. Glorenza utaipita ndani kwa ndani, ni kamji kadogo ambako ukuta wa zamani bado umekazunguka kote. Lasa wana marumaru nyeupe nyingi hadi watu wanaikanyaga pembeni mwa barabara. Baada ya hapo ni matofaa. Matofaa, matofaa, mpaka uchoke kuyaangalia. Ukipita Tel, karibu na Merano, kuna kona za kujikunja, na hapo mikono imeshachoka, kwa hiyo angalia. Kipande kikubwa ni lami nyembamba, na changarawe iliyoshindiliwa hapa na pale.

Kuhusu magari, mwambie mama njia ni ya kinga kweli, ingawa kuna mahali inakata barabara. Ila trekta za wakulima zinaruhusiwa, na mwezi wa tisa ni mavuno. Karibu nusu ya matofaa ya Italia yanatoka mkoa huu, kwa hiyo fikiria ni trekta ngapi. Inachomoka katikati ya mistari ya miti na makreti nyuma, na dereva anajua wewe ndiye utakayesimama. Mimi nawaogopa zaidi wazee wa kinga za umeme. Wanakuja kimya, watatu kwa mstari, wakiongea.

Ukiona kijia kizuri chenye kivuli kando ya mfereji wa kumwagilia, usiingie na kinga. Vile ni vya waenda kwa miguu. Bonde hilo ni kati ya makavu kuliko yote ya Alpi, na mifereji ile wameitunza karne na karne.

Kupanda: treni ya Merano hadi Malles, kilomita 60. Ilifungwa 1990, ikarudi 2005. Nafasi ya kinga ndani ni finyu majira hayo, ndiyo maana wengi wanakodi stesheni moja na kurudisha nyingine. Kutoka Malles kwenda ziwani yapo magari yanayopandisha watu na kinga. Mdogo wako aangalie ratiba mapema, kwa sababu reli hiyo imekuwa ikiwekewa umeme na kumekuwa na vipindi treni hazipiti.

Spoki_Lushi

Mukubwa fundi, mimi natengeneza kinga Lubumbashi, mjini kwetu tambarare, lakini wateja wangu ni watu wa makala (mkaa), wenye magunia marefu kuliko wao. Breki ndiyo mkate wangu.

Tufanye hesabu. Wewe na kinga, tuseme kilo 90. Kutoka mita 1,498 mpaka Merano kwenye 325 unashuka karibu 1,170. Kama joto lote la kukuzuia lingeingia kwenye breki, lingechemsha lita 3 za maji baridi. Ni sufuria ya chai ya familia, na utaigawa kwenye visahani viwili vya chuma vya breki, yaani disk. Bahati nzuri sehemu kubwa inachukuliwa na upepo, kama utauachia.

Kosa la watu wa tambarare ni kubana kidogo kidogo bila kuachia mpaka chini. Hapo disk haipumui. Wewe bana kwa nguvu, zote mbili, punguza mwendo, achia, iache ipoe. Maliza kubana kabla ya kona. Na ukitaka kupungua bila breki, inuka ukae wima, kifua chako ni tanga.

Zile pembe za kondoo zina maana. Shika chini, kwenye mkunjo: vidole vinapata nguvu zaidi kwenye breki na uzito unashuka. Kabla hujaondoka uliza breki ya mbele iko mkono gani. Italia kwa kawaida ni wa kushoto. Usigundue hilo kwenye kona.

Tairi ndiyo tofauti kubwa na Mchina wako. Ya graveli ni pana, milimita 40 hivi, na haijazwi mpaka ilie kama ngoma. Kwa uzito wako, upepo wa bar 2.5 mpaka 3. Ikiwa ngumu inaruka juu ya kila jiwe, ikiwa laini inalimeza.

Birere243

Miaka 51 na kilomita 80? Papa, kodi ya umeme, usituaibishe kwa wazungu.

FundiChukudu (Goma)

Birere, ukishasukuma magunia ya viazi kupandisha Kibati mvua ikinyesha, rudi tuongee. Nguba, Spoki, aksanti sana. Hiyo ya sufuria ya chai nimemsomea mama watoto, sasa ameanza kuogopa yeye.

FundiChukudu (Goma)

Nimerudi, tuko mwezi wa kumi. Tuliteremka siku ya Jumamosi, na jua.

Nguba, glavu ziliniokoa. Mnara ule niliutazama mpaka mdogo wangu akaanza kupiga miluzi.

Baada ya San Valentino ndipo aibu ilinipata. Kinga iliposhika mwendo, mguu wangu wa kulia ukatoka kwenye pedali wenyewe, ukaenda nyuma kutafuta kipande cha tairi. Ukakanyaga hewa. Miaka 20 tangu niache kusukuma, na mguu bado unakumbuka! Nikapepesuka hadi kwenye majani, mwanamke mmoja wa kinga ya umeme akasimama kuniuliza kitu kwa Kijerumani. Mdogo wangu badala ya kutafsiri alikuwa amekaa chini, anacheka.

Kuanzia hapo nilifanya kama Spoki alivyosema, bana, achia. Mdogo wangu yeye alibana moja kwa moja, na tulipofika Malles disk zake zinalia na zinanukia. Zangu kimya. Trekta nilihesabu 11. Mmoja alinipa tofaa bila kushuka.

Jambo ambalo sikulitegemea ni sauti. Baada ya Silandro tulikaa kama nusu saa bila kukutana na mtu, na nikasikia mnyororo wangu, changarawe chini ya tairi, mto. Nilikuwa nageuka nyuma kila mara. Mwishoni mdogo wangu akaniuliza namtafuta nani.

Spoki, ile disk ya kinga niliipima kwa uzi: milimita 160. Nina chukudu mpya ya mkaratusi hapa karakana, gurudumu la nyuma bado sijalifunga. Ukipata disk kuukuu na koleo lake la kubania, la kuvutwa kwa waya, si la mafuta, niwekee. Nitamtuma mtu.