Nimechaguliwa DV-2025 na Trump anaapishwa Januari: niuze shamba na kuacha kazi, au nisubiri?

Mwalimu_Singida (Novemba 2024)
Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, wengine habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina mke na mtoto wa miaka 2. Majibu ya DV-2025, ile bahati nasibu ya viza za kuhamia Marekani, yalipotoka Mei niliyaangalia kwenye simu ya mke wangu kwa sababu yangu haikuwa na bando, nikakuta nimechaguliwa. Karatasi niliichapisha, ipo kwenye bahasha chini ya nguo za mtoto. Fomu ya maombi ya viza, DS-260, niliijaza Juni. Mpaka leo sijapangiwa intavyuu.

Tangu uchaguzi wa Marekani wa tarehe 5 usingizi umenipaa. Kaka yangu anasema Trump akiapishwa tarehe 20 Januari atafunga kila kitu siku hiyohiyo. Shemeji anasema hayo ni maneno ya kampeni tu. Nina ekari 4 za alizeti na mteja anataka kulipa wiki hii. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, imebaki tarehe. Wenye uzoefu, nisaidieni.

Kibatari
Hongera mwalimu. Hiyo barua usiiguse.

Mimi nilichaguliwa DV-2020 na intavyuu nilipangiwa Machi. Tarehe 31 Januari 2020 likatoka tangazo kwamba Watanzania na Wasudani wasipewe viza za DV kuanzia 21 Februari. Sababu waliyotoa ni kwamba nchi haijatimiza masharti ya kupeana taarifa za utambulisho na usalama wa wasafiri. Wanafunzi na watalii hawakuguswa, ni sisi wa bahati nasibu. Waliokwisha kupata viza kabla ya tarehe ile hawakunyang'anywa.

Mimi nilishauza kiwanja Chanika, haraka haraka, bei ya kutupa. Aliyenunua amejenga, na pale nilipopanga kuchimba kisima kuna mwembe umeshaanza kuzaa. Huwa napita njia ya mbali nisiuone. Biden alilifuta lile zuio 20 Januari 2021, lakini DV-2020 ilikwisha tarehe 30 Septemba 2020. DV haina kiporo, mwaka ukiisha na nafasi imekwenda.

Msafiri wa Kigamboni
Mimi sikubaliani. Akiitwa Februari aje intavyuu, nauli atatoa wapi? Ada ni dola 330 kwa kila kichwa. Watu 3 ni dola 990, zaidi ya milioni 2 na nusu, bado vipimo vya afya na tiketi. Mteja wa shamba naye hasubiri.

Mama Nasri (Ohio)
Mwalimu mdogo wangu, tutenganishe mambo mawili, maana huku pia watu wanayachanganya.

Kuifuta DV yenyewe ni kazi ya Bunge, kwa sababu imo kwenye sheria ya mwaka 1990. Trump alitaka ifutwe baada ya lile shambulio la lori New York, Oktoba 2017. Akamaliza miaka yake minne, DV ikabaki. Kwa hiyo hilo lisikunyime usingizi.

La pili ndilo la kuogopa. Rais anaweza kuwazuia raia wa nchi fulani kwa saini yake tu, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkubalia Juni 2018. Mara ya kwanza alianza na nchi 7, siku 7 tu baada ya kuapishwa, na Tanzania haikuwamo. Sisi tuliingizwa miaka 3 baadaye. Ninavyoona mimi, safari hii wataagiza kwanza nchi zichunguzwe upya, na orodha itakuja miezi kadhaa mbele. Huo ni mtazamo wangu, usiupigie hesabu ya shamba. Namba yako ya kesi ni ngapi?

Mwalimu_Singida
Asante sana dada. Ni AF (yaani Afrika), elfu thelathini na kitu.

Mama Nasri (Ohio)
Hiyo si ndogo. Kabla ya Januari usitegemee. Kila mwezi angalia taarifa ya viza (Visa Bulletin) wanayotoa Wamarekani, namba ya Afrika ikipita yako ndipo utapangiwa. Usikubali wakala akuambie atakusogeza, hakuna kusogezwa.

Kibatari
Kamilisha makaratasi sasa, ili ukiitwa usipoteze hata wiki moja. Pasipoti zote tatu, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, cheti cha ndoa, cheti cha polisi. Majina yasome herufi kwa herufi. Kazi uiache ukiwa na viza mkononi. Viza huwa na muda mpaka miezi 6, unatosha kuuza kwa bei ya maana.

Mwalimu_Singida
Wakuu, nimetoa bahasha usiku huu. Cheti cha mtoto kimeandika jina la mama yake "Mwajum", herufi ya mwisho haipo. Tumekaa nacho miaka 2 hatujaona. Kesho naomba ruhusa kwa mkuu wa shule niende kulishughulikia.

Mteja nimempigia. Nimemwambia siuzi, nampangisha msimu mmoja, na hela hiyo naiweka kwa ajili ya ada. Amenuna kidogo, ila amesema atakuja Jumamosi tupime mipaka kabla ya mvua.